Uonevu wa Mtandaoni Si Gumzo

Kijana anapotukanwa na mamia ya watu kwa mara moja kupitia simu zao, vyombo vingi vya habari nchini vina neno moja lililokwisha kuandaliwa kwa ajili ya habari hiyo. Neno hilo ni "gumzo". Picha ya msichana imesambazwa bila ridhaa yake: habari husema imezua gumzo mitandaoni. Mwanafunzi amepigwa na wenzake huku mmoja wao akishika simu na kurekodi: habari husema video hiyo imetikisa mitandao. Baada ya siku mbili gumzo jingine hushika nafasi, na lile la kwanza huzikwa bila mtu yeyote kuuliza kama yule msichana alirudi shuleni.

Gumzo, kwa Kiswahili cha barazani, ni maongezi ya watu walioketi kwa raha zao. Watu hupiga gumzo jioni, kazi zikiwa zimekwisha na kahawa ikiwa inazunguka. Kulipa jina hilo jambo linalomfanya mtoto ashindwe kutoka nje ya nyumba yao ni kumwondoa msomaji upande wa anayeonewa na kumketisha pamoja na wanaotazama. Hapo ndipo linapoanzia kosa la vyombo vya habari katika suala hili zito. Si kweli kwamba haviandiki juu ya uonevu wa mtandaoni miongoni mwa vijana. Vinaandika sana. Lakini vinaandika kama watazamaji wa mchezo, na mara nyingine, jambo ambalo ni baya zaidi, kama wachezaji wenyewe.

Wananchi wa Sumbawanga wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa jina la mji wao limekuwa likichezewa kwa namna hiyo tangu zamani, kabla simu ya kwanza ya mkononi haijafika katika uwanda wa Ufipa. Maelezo yanayosimuliwa na wenyeji ni kwamba jina hilo linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Ni agizo la amani: anayeingia auache ulozi wake nje, aje aishi na watu kwa wema. Mtu angetazamia kwamba mji uliojipa jina la kuukataa uchawi ungesifiwa kwa kuukataa. Badala yake waandishi, watangazaji na wachekeshaji wakaligeuza jina hilo, likawa jina la uchawi wenyewe. Ikatosha kulitaja tu, na wasikilizaji wakacheka.

Hali hiyo huonekana hasa katika msimu wa mvua. Uwanda wa Ufipa umeinuka sana. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mvua zake, ambazo hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, huja na ngurumo. Mkulima aliye peke yake katikati ya shamba, au watoto waliojikinga chini ya mti, wamo hatarini Nkasi na Kalambo kama walivyo hatarini wenzao wa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Radi ikiua mtu kwingineko, habari huandikwa kwa lugha ya msiba. Ikiua mtu Ufipa, mara nyingi mwandishi hushindwa kujizuia, akatia mzaha. Suala lenye manufaa, yaani mitego ya radi katika majengo ya shule na zahanati, halipati hata aya moja.

Huo haukuwa uonevu wa mtandaoni, kwa kuwa mtandao haukuwapo. Lakini ndilo darasa ambamo uonevu huo ulifundishwa. Kijana aliyezaliwa Laela au Namanyere akipata nafasi ya chuo Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, huyakuta maneno yakimsubiri: msimguse huyo, atawatupia radi. Zamani maneno hayo yalisemwa bwenini. Aliyeyasema alikuwa na uso na jina, na kesho yake huenda angemwomba yuleyule aliyemcheka amwazime daftari. Yaliumiza, wala haifai kuyapamba kwa sababu tu ni ya zamani. Waliowahi kuitwa njuka katika shule za bweni wanakumbuka jinsi siku za mwanzo zilivyokuwa. Hata hivyo maneno yale yalikuwa na mpaka. Taa zilipozimwa, yalinyamaza. Shule ilipofungwa, mtoto alipanda basi na maneno yakabaki nyuma.

Leo maneno hayohayo huwekwa katika kundi la WhatsApp lenye wanafunzi 200, yakiwa yameambatanishwa na picha iliyotengenezwa ili kumfanya mwenzao aonekane kama mchawi. Huwekwa saa sita za usiku. Huchukuliwa na kupelekwa katika makundi mengine ambako hakuna anayemjua aliyeonewa, wala sababu ya ugomvi. Akirudi kwao kwa likizo, huyakuta yamemtangulia. Aliyeyatunga ni kijana wa miaka 18 au 19 anayestahili kuonywa na kuadhibiwa; lakini dhihaka yenyewe hakuibuni yeye. Aliirithi kutoka kwa watu wazima wenye kalamu na vipaza sauti, ambao leo wanaandika makala za kusikitikia ulimi wa vijana.

Wanaotetea mambo haya husema ni utani. Neno hilo halifai kuachwa litumike ovyo namna hiyo. Utani wa makabila ya Tanzania una kanuni zake, na watumishi waliofanya kazi katika wilaya mbalimbali wanazijua vizuri kuliko waandishi vijana. Mtani anajulikana. Anayetania leo hutaniwa kesho, kwa kipimo kilekile. Zaidi ya hayo, mtani ana wajibu: panapotokea msiba ndiye anayefika mapema, akafanya kazi ambazo ndugu wa marehemu hawana nguvu ya kuzifanya, na mzaha wake huwa sehemu ya kuwafariji wafiwa. Mtu aliyejificha nyuma ya akaunti yenye picha ya ua hana msiba wa kuhudhuria. Hataniwi, kwa kuwa hajulikani. Kumwita huyo mtani ni kuliharibu jambo jema lililojengwa na vizazi vingi.

Kwa Wafipa jambo hili lina uzito wa namna yake. Mtaalamu wa elimu ya jamii na mila, Roy Willis wa Uingereza, aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1960, alikiona kipaji chao cha mazungumzo kuwa jambo la kustahili kitabu kizima juu ya sanaa yao ya usemi, akakitoa mwaka 1978. Ni dhahiri kwamba katika uwanda huo kusema na mtu ni kazi inayohitaji adabu na zamu. Hakuna zamu katika kundi la watu 200 wanaomshambulia mmoja.

Tukio la Mbeya la mwaka 2016 linaonyesha ugumu wa suala hili kwa upande wa vyombo vya habari. Mwezi Oktoba mwaka huo ilisambaa video ya mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya akipigwa kikatili na vijana waliokuwa katika mazoezi ya ualimu. Nchi nzima iliiona. Waziri wa Mambo ya Ndani aliingilia kati na hatua zikachukuliwa dhidi ya waliohusika. Haiwezekani kusema kwamba video ile ilikuwa na madhara matupu. Bila hiyo, huenda shauri lingeishia katika ofisi ya shule, na mtoto angeambiwa avumilie. Waandishi waliolifuatilia walitimiza wajibu wao, na wanastahili kutambuliwa hivyo.

Lakini ushahidi ulipokwisha kufika mikononi mwa wenye mamlaka, palikuwa na haja gani ya kuirudia picha ile asubuhi na jioni, uso wa mtoto ukiwa wazi, akipigwa tena na tena mbele ya nchi? Swali hilo halikujibiwa mwaka 2016, na kwa sababu halikujibiwa limerudi kila mara. Agosti 2024 ilisambaa video ya msichana akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume. Serikali ililazimika kuwasihi wananchi waache kuisambaza. Mahakama ilifanya kazi yake kwa haraka, na mwezi Septemba mwaka huohuo washtakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha jijini Dodoma. Vyombo vya habari vilijizuia kulitaja jina la msichana huyo, jambo ambalo lilikuwa la haki, kisha vikamwita kwa jina la mtaa wake. Ni watu wangapi katika mtaa ule walioshindwa kumtambua? Aprili 2025 ikatokea video nyingine, ya mwanafunzi wa chuo jijini Dar es Salaam akishambuliwa na kudhalilishwa na wasichana wenzake. Watuhumiwa walikamatwa na shauri likafika mahakamani. Hata hivyo maswali ya wengi yalihama upesi kutoka kwenye kipigo kwenda kwenye chanzo cha ugomvi, kana kwamba pangeweza kupatikana chanzo ambacho kingekifanya kipigo kile kiwe halali.

Katika matukio haya yote kuna jambo moja ambalo mwalimu wa Matai au Mtowisa analiona upesi. Uonevu unaopata nafasi katika kurasa za mbele ni ule wenye picha ya kutisha, na uliotokea katika miji mikubwa. Uonevu anaokutana nao yeye hauna picha. Ni orodha ya wasichana wa kidato cha tatu, iliyoandikwa na mtu asiyejitaja, ikisema nani alitembea na nani. Ni sauti ya mtoto mwenye kigugumizi, iliyorekodiwa darasani na kupelekwa kwa wenzake ili wamcheke. Ni kijana wa familia maskini aliyepigwa picha akiwa amevaa viatu vilivyochanika. Hakuna mwandishi atakayesafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya viatu vilivyochanika. Lakini mtoto huyo ameacha kunyosha mkono darasani, na mwalimu hajui ni kwa nini.

Hapo ndipo hudhihirika madhara ya kasoro nyingine ya vyombo vya habari, nayo ni kuilaumu simu. Makala nyingi juu ya suala hili huanza kwa utandawazi, zikapita kwenye mmomonyoko wa maadili, zikaishia kwa kuwataka wazazi wawanyang'anye watoto simu. Ni maelezo rahisi, na yanampendeza msomaji mzima kwa kuwa yanamwacha yeye nje ya lawama. Shule zinakataza wanafunzi kuwa na simu, na katazo hilo lina sababu nzuri za kitaaluma. Lakini lazima ielezwe wazi kwamba katazo hilo, likisimama peke yake, humfunga mdomo mtoto anayeonewa. Atakwendaje kwa mwalimu kusema kwamba ametukanwa usiku kucha, wakati swali la kwanza atakaloulizwa ni simu hiyo aliipata wapi? Amekwisha kuwa mkosaji kabla hajamaliza kueleza alivyokosewa. Basi hunyamaza, na mwonevu anajua kwamba atanyamaza.

Utafiti uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF juu ya ukatili wa kingono dhidi ya watoto mtandaoni hapa Tanzania, na kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba watoto 67 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wakitumia intaneti. Kati ya hao wanaotumia, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa wazi wa aina hiyo katika mwaka mmoja. Utafiti huo haukuhusu matusi na dhihaka za kawaida, kwa hiyo tarakimu zake zisichukuliwe kuwa kipimo cha uonevu wote. Lakini mambo mawili uliyoyaeleza yanawahusu walimu moja kwa moja. La kwanza, anayemtendea mtoto uovu mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua, si mgeni wa nchi za mbali anayependwa sana na waandishi wa makala. La pili, mtoto akiamua kusema, humwambia rafiki yake. Ni nadra mno kufika polisi, au kupiga simu ya msaada.

Wako watoto ambao katika mkoa wa Rukwa wamo katika hatari kubwa zaidi, na habari zao hazisomwi popote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wasichana 30 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo walikuwa wamekwisha kupata ujauzito, wakati wastani wa nchi ulikuwa 22. Tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia mlango wa kurudi katika shule zilezile baada ya kujifungua. Msichana anayerudi huwa tayari amevuka vikwazo vingi: baba aliyekasirika, mtoto mchanga anayeachwa kwa bibi, nauli, sare. Halafu anakuta picha yake ya wakati wa ujauzito imepewa maneno ya kejeli na inazunguka katika simu za wanafunzi wenzake. Mlango uliofunguliwa kwa waraka unaweza kufungwa kwa picha moja. Afisa elimu atakapokuja kuhesabu walioacha shule, ataandika "utoro", na habari ya gazeti, kama itaandikwa, itasema kwamba wasichana wa mkoa huo hawapendi kusoma.

Inasikitisha zaidi kwamba sheria ya kumlinda mtoto huyo ipo, ila haifahamiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inakataza katika kifungu chake cha 23 kumpelekea mtu mwingine ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu hicho hakiulizi cheo cha aliyetukanwa. Lakini sheria ile ilipoanza kutumika, habari zilizopewa nafasi kubwa zilikuwa za kifungu cha 16, kinachohusu taarifa za uongo, na za watu walioshtakiwa kwa maneno waliyoyasema juu ya viongozi. Mwananchi wa kawaida akapata picha kwamba hiyo ni sheria ya wakubwa. Ni wajibu wa vyombo vya habari, na vya Chama vikiwemo, kuirekebisha picha hiyo, kwani ndivyo vilivyoichora.

Kwa upande mwingine yako magazeti ambayo, yanapokikumbuka kifungu cha 23, hukitumia kama fimbo ya kuwatishia wanafunzi: mkitukanana mtakwenda jela miaka mitatu. Huo nao ni upotoshaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inampeleka katika mahakama ya watoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Mwonevu wa kidato cha pili ni mtoto kama alivyo mtoto aliyemwonea. Kumchora kama mhuni au mnyama wa porini huwafurahisha wasomaji, lakini hakumsaidii mwalimu ambaye Jumatatu asubuhi atawakuta wote wawili katika darasa moja na atalazimika kuwafundisha wote wawili.

Hali kadhalika inafaa liachwe neno "mtu asiyejulikana". Habari nyingi husema picha ilisambazwa na mtu asiyejulikana, kana kwamba ni pepo. Laini za simu nchini zimekuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019. Akaunti inaweza kubeba jina la uongo, lakini mara nyingi nyuma yake kuna laini, na nyuma ya laini kuna mtu. Mtoto anayeonewa akielezwa asiufute ujumbe, autunze pamoja na tarehe na namba, na asiupeleke kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa yule anayekwenda kumsaidia, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi litakuwa na mahali pa kuanzia. Haya ndiyo maelezo ambayo habari moja ya gazeti ingeweza kuyatoa kwa aya mbili. Badala yake aya hizo hutumika kunukuu maoni ya kejeli yaliyoandikwa chini ya picha, moja baada ya jingine, yale makali zaidi yakiwekwa juu. Mwandishi huyo hajaripoti uonevu. Ameuongezea wasomaji.

Ukubwa wa kosa hilo hauonekani vizuri kwa mtu aliye Dar es Salaam. Katika uwanda wa Ufipa na kandokando ya Ziwa Tanganyika, watu wengi hulisikia gazeti kabla ya kuliona. Redio husoma vichwa vya habari asubuhi, na mvuvi wa Kirando au Kasanga anaweza kuyasikia maneno ya ukurasa wa mbele akiwa anaanua nyavu zake. Kichwa cha habari kinachomtaja kijana kwa jina, au kwa mtaa, au kwa shule na darasa, hufika kwa ndugu zake wote kabla ya saa mbili. Wengine miongoni mwao hawana simu yenye intaneti, na bila redio ile wasingeijua habari hiyo kamwe. Katika hali kama hiyo ni redio na gazeti vilivyoutoa uonevu mtandaoni na kuuingiza kijijini.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 12, inaeleza kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kuthaminiwa utu wake, na Ibara ya 16 inalinda maisha yake binafsi na ya familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, imeongeza uzito wa maneno hayo. Mhariri hawezi kudai kwamba picha iliyokwisha kuonwa na watu milioni moja haina tena mwenyewe. Mwenyewe yupo. Pengine anakaa chumbani kwake Kizwite au Namanyere, akihesabu ni nani kati ya wanafunzi wenzake ambaye hajaiona bado.

Mabadiliko yanayohitajika hayadai fedha. Gazeti linaweza kuandika "uonevu" mahali ambapo limezoea kuandika "gumzo". Linaweza kulitaja kosa bila kumtaja mtoto, wala mtaa, wala darasa. Linaweza kurudi baada ya miezi mitatu na kuuliza kama mwanafunzi yule yupo shuleni, na shauri lake limefika wapi. Swali hilo peke yake lingewafanya watu wengi wenye dhamana wawe macho. Linaweza kuweka chini ya kila habari ya namna hiyo mstari mmoja unaosema kwamba mtoto, au mtu mzima anayemjali, anaweza kupiga namba 116 bila malipo na kusikilizwa. Nafasi ya mstari huo ni ndogo kuliko ile inayotolewa kila siku kwa ugomvi wa wasanii.

Walimu wana nguvu ambayo wengi wao hawajaitumia, nayo ni gazeti lenyewe. Habari ya video iliyosambaa inaweza kuletwa darasani, katika kipindi cha Kiswahili au cha Historia ya Tanzania na Maadili, na wanafunzi wakaulizwa: nani anazungumza katika habari hii, na nani hakupewa nafasi ya kuzungumza? Ni neno gani limemfanya msomaji acheke? Je, habari hii ingeandikwaje kama mhusika angekuwa dada yako? Watoto wa Ufipa wanaweza kuanza na habari inayowahusu wao wenyewe, ile ya radi na ya jina la mji wao, wakaiandika upya. Watagundua upesi jinsi mzaha unavyotengenezwa, na wakiligundua hilo watautambua watakapoukuta katika simu.

Liko jambo jingine ambalo halihitaji kungojea waraka wowote kutoka Dodoma. Mkuu wa shule anaweza kuwaita walimu wake kabla shule hazijafunguliwa mwezi Januari, pamoja na matroni, patroni na mwalimu wa malezi, na wakakubaliana kwamba mwanafunzi atakayekuja kueleza kuwa ameonewa kwa njia ya simu atasikilizwa kwanza mpaka amalize. Suala la simu ameipata wapi litasubiri siku nyingine. Makubaliano hayo yatangazwe mbele ya wanafunzi wote siku ya kwanza wakiwa mstarini, yasomwe polepole, na yarudiwe kwa ajili ya waliochelewa kufika kutoka vijiji vya bondeni.